Noeli Kando ya Kitanda

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe! Salamu za Noeli ziwafikie nyote mnaouguza, kuanzia Dodoma mjini hadi Mvumi na Kongwa.

Mvua zimeanza, watu wako mashambani kupanda uwele na mtama, na mikono ya kuuguza imepungua. Ndipo tunapowakumbuka wale wanne wa Marko 2 waliompandisha mgonjwa darini, wakatoboa paa na kumshusha mbele ya Yesu. Aliyekulia kwenye tembe haelezwi mara mbili: paa bapa la udongo juu ya fito, unapanda, unachimba. Yesu akaiona imani yao. Yao! Basi mgonjwa aliyeishiwa nguvu za kusali asisemwe kwamba imani yake ni haba. Wengine wambebe.

Kubeba kwenyewe ni zamu. Mmoja ashike usiku, mwingine dawa, wa tatu chakula, wa nne wageni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, hata ibada ikiwa katikati. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo papasa nyonga, visigino na juu ya makalio. Ukikuta joto au ugumu, usimlaze tena upande huo, maana kidonda kimeanza. Pilau ya sikukuu humtia kichefuchefu. Mpe uji mwembamba kwa vijiko, ameinuliwa kichwa na mgongo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Akikohoa kila amezapo, acha, mwone mhudumu wa afya.

Tarehe 25 na 26 ni mapumziko, hivyo hesabuni vidonge mapema. Kuombewa si sababu ya kuacha dawa ya kisukari au presha.

Padri au mchungaji aitwe wiki hii. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Haikusema waitwe pale tu anapokata roho. Andaeni meza ndogo, kitambaa cheupe, maji ya kunywa, na mshumaa uwe mbali na chandarua. Asiyeweza kumeza vizuri hupewa kipande kidogo tu cha komunyo, kisha maji kidogo.

Nanyi wageni, dakika 15 zinatosha. Mwulizeni mgonjwa wimbo anaoutaka, mwimbe huo mmoja, kwa sauti ya chini. Mkimkuta amelala, pitieni jikoni: anayemuuguza huenda hajala tangu asubuhi.