"Mbona Haikai?" Pafyumu ya Matunda na Maua Hapa Dodoma

Wiki iliyopita dada mmoja alirudi dukani na chupa yake ya mililita 30. Hajasalimia bado, mimi pale kaunta nimeshamsikia: pichi, halafu waridi kwa mbali. "Dada, umeniuzia maji. Nimejipulizia saa moja, saa nne hii sisikii kitu." Binti anayenisaidia akacheka nyuma ya kabati: "Mbona sisi tunakusikia mpaka huku?"

Pua ndiyo ilivyo. Harufu unayoshinda nayo inaizoea, inaacha kukuambia. Hapo ndipo mtu anaongeza, anaongeza, mpaka abiria wenzake kwenye daladala wanafungua madirisha.

Ila lawama nyingine ni za kweli. Limau, chungwa, peasi na wenzake ndio wepesi, huruka kwanza. Nusu saa hivi wameshaondoka. Yanabaki maua, asumini au waridi, na chini kabisa miski au vanila, ambayo ndiyo hukaa na nguo. Ukiinunua kwa lile tunda la mwanzo tu, itakuudhi kila siku. Kwa hiyo tunakupulizia mkononi, tunakuambia nenda kanunue nyanya zako Majengo kwanza. Ukirudi bado unaipenda, lipa.

Halafu kuna hii hewa yetu. Mvua zikishakata mwezi wa nne, ngozi inapauka hadi unaweza kuandika jina kwa ukucha, na ngozi kavu haishiki manukato. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, vaselini ya kawaida inatosha, ndipo upulizie shingoni na ndani ya kiwiko. Mara mbili, tatu basi. Usisugue, joto la kusugua linalifukuza tunda mapema. Mtandio nao hushika vizuri, ila mweupe ujaribu pembeni, usije ukaacha doa. Na chupa isikae dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, jua linaiharibu.

Udi wa kushinda nao siku nzima tunao pia. Lakini kwa ofisi ya Mtumba yenye meza sita chumba kimoja, mimi nakushauri hii nyepesi, na kichupa cha mililita 5 mkobani cha kujiongezea mchana. Tunakijaza hapahapa kutoka chupa yako mwenyewe. Yule dada alichukua viwili, kimoja cha mama yake.