Kusahau si uzembe: jibu kwa mzazi aliyelalamika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika katika safu hii kwamba watoto wa siku hizi ni wazembe. Alitoa ushahidi wa aina tatu: wanafundishwa jambo leo, kesho wamelisahau, wanaandika herufi kinyume ilhali wamekwishaelekezwa, na ukiwauliza swali lilelile mara ya pili wanabadili jibu, eti wanabahatisha. Kwa kuwa ni mkubwa wangu, namwamkia kwanza, shikamoo. Kisha aniwie radhi nimpinge. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, na somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la makuzi ya mtoto na ujifunzaji, ambalo wenzangu wengi wanaliona la kujazia ratiba tu. Yote matatu anayoyaita uzembe tumeyasoma humo, na hakuna hata moja tulilolikuta kwenye mada ya utovu wa nidhamu.

Nianze na kusahau, maana ndiko alikokolezea wino. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, ili asisaidiwe na mambo anayoyajua tayari, akazikariri mpaka akazimudu, kisha akapima ingemgharimu juhudi kiasi gani kuzikariri upya baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Saa moja haikupita kabla zaidi ya nusu ya faida ya kukariri kwa mara ya kwanza haijapotea. Huyo ni mtu mzima, msomi, mwenye nia ya dhati ya kukumbuka. Mtoto wa darasa la pili tunamdai nini zaidi?

Kitabu chake kina habari njema pia, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Marudio 38 aliyoyatawanya katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo siku moja. Linganisha na jinsi tunavyofundishwa kuandaa azimio la kazi: mada inapewa wiki yake, inafundishwa mfululizo, inafungwa, na hairudi tena hadi msimu wa mitihani. Kisha tunashangaa watoto wamesahau.

Mzazi wetu alipendekeza dawa: mtoto asome tena, na akisahau asome tena, na fimbo ikae karibu. Fimbo nitaigusa baadaye. Hiyo ya kusoma tena ilipimwa mwaka 2006 na Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma kisha wakavisoma tena. Wengine walivisoma, wakafunika, wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56 ya yaliyomo, waliorudia kusoma wakabaki na 42. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamefanywa hata katika madarasa ya watoto, na yameelekea upande huohuo. Kulitafuta jambo kichwani, hata kwa kuhangaika, kunalikaza kuliko kulitazama tena kwenye daftari.

Nisisitize zile dakika tano, kwa sababu ndizo zinazotudanganya walimu. Mwisho wa kipindi unauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia "Ndiyooo!", nawe unatoka umeridhika. Wala watoto hawakudanganyi. Kwa dakika hiyo wanalo. Aliyeandika barua anawauliza kesho yake, anakuta hawanalo, anadhani jana walikuwa wanacheza.

Katika mazoezi ya kufundisha niliamua kuanza kila kipindi kwa maswali machache ya somo la jana na ya wiki iliyopita, vitabu vimefungwa, bila kutoa alama. Mwalimu mlezi wangu aliniambia ninapoteza muda wa mada mpya. Sikumlaumu: naye anaulizwa na wakubwa wake amefika ukurasa wa ngapi, haulizwi watoto wamebaki na nini. Lakini maswali sikuyaacha. Siku za kwanza palikuwa na ukimya wa kutisha, watoto wakitazama dari. Baadaye wakaanza kugombania kujibu, na mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, akaanza kuniwahi mlangoni: "Mwalimu, leo usiulize, ngoja niseme mwenyewe." Silitumii hilo kama ushahidi wa kisayansi, nasimulia tu nilichokiona.

Sasa fimbo. Akili huwa na sehemu inayoshikilia mambo wakati tunayafanyia kazi, tunaiita kumbukumbu tendaji, na ni ndogo mno: mtu mzima huweza kushika kama vitu vinne kwa mpigo, mtoto hupungukiwa hapo. Mtoto anayejumlisha 27 na 15 anashika tarakimu, anashika ile moja ya kubeba, anashika hatua anayoifuata. Mwongezee hofu ya kupigwa na kila mara atupe jicho kwenye fimbo: kimojawapo kitadondoka. Kwa kawaida ni ile moja ya kubeba. Ndipo anapopigwa.

Kuhusu herufi kuandikwa kinyume, hapa namwonea huruma zaidi mtoto anayesoma Kiswahili, kwa sababu akichanganya b na d, baba yake anageuka dada mara moja na darasa zima linacheka. Ubongo haukuzaliwa na sehemu ya kusoma. Maandishi yana miaka elfu chache tu. Mtafiti wa ubongo Mfaransa, Stanislas Dehaene, ameeleza kwamba kusoma kunaazima eneo la upande wa kushoto, nyuma na chini, lililokuwa likitambua vitu na nyuso. Eneo hilo lina mazoea yake ya zamani: kitu kikitazama kushoto au kulia ni kilekile. Kikombe hakibadiliki jina mkono wake ukielekea upande mwingine. Mazoea hayo yanamsaidia mtoto kila mahali, isipokuwa kwenye ukurasa wa b na d. Hapo anatakiwa ayaache, na hilo linachukua muda. Watoto wengi huendelea kugeuza herufi hadi kama miaka saba au minane, bila ugonjwa wala ukaidi. Kinachosaidia ni kufundisha herufi moja hadi itulie kabla ya kuleta pacha wake, na kumfanya mtoto aifuatishe kwa kidole huku akiitamka. Kuzipanga mbili ubaoni siku moja "ili waone tofauti" kunazidisha mkanganyiko. Ukiona tatizo linaendelea miaka inapokwenda, na kusoma kwenyewe ni kugumu, hapo mtoto apelekwe kwa mtaalamu.

Nikiwa hapo hapo, niwaguse wanachuo wenzangu, maana si wazazi tu wanaokosea. Wapo wanaogawa darasa kuwa watoto wa kujifunza kwa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na wanasema ndiyo sayansi ya ubongo. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwafundisha watoto kwa makundi hayo. Neno "ubongo" likitajwa kwenye semina tunapiga makofi kabla ya kuuliza limetoka wapi.

La tatu, kubadili jibu, nitalipitia upesi. Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alikuwa akipanga safu mbili sawa za vitu mbele ya mtoto, anauliza kama ziko sawa, anatandaza safu moja iwe ndefu, kisha anauliza tena. Watoto wadogo wengi walisema sasa ile ndefu ina vingi. Mwaka 1974 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jambo hilo, ila safari hii safu ilivurugwa na dubu wa kuchezea, mtundu, aliyejitokeza kuharibu mchezo. Watoto waliosema bado ziko sawa wakaongezeka sana. Mkubwa akivuruga vitu kwa makusudi kisha akauliza swali lilelile, mtoto anaona dhahiri kwamba anatakiwa jibu jingine. Huko si kubahatisha, anatusoma sisi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mzazi wetu ni dogo. Jioni, daftari likiwa limefungwa, amuulize mtoto leo wamejifunza nini, kisha anyamaze, asimdokeze. Mtoto akikwama, afungue, asome, afunge, aseme tena. Baada ya siku mbili amuulize lilelile, na baada ya wiki pia. Na anapouliza mara ya pili, amwambie kwanza kwamba jibu lake la mwanzo halikuwa na kasoro.

Mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili