Fairphone mpya mezani kwa fundi wa soko la Kenya

Bwana Mhariri,

Salama. Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, Kongo, na huu ni mwaka wa 14 nafungua simu za watu. Ukurasa wenu wa simu mpya niliusoma hapo hapo mezani, umeme umekatika, nasubiri urudi nimalizie kuchomelea. Mmeeleza kamera, mmeeleza kasi, mmeeleza hata rangi. Neno "spea" sikuliona, wala neno "fundi", na ndiyo sababu naandika. Huku kwetu simu haina mwenyewe mmoja. Ile inayonunuliwa leo Brussels au Dubai itatufikia baada ya miaka mitatu au minne, itatumiwa na mjomba, atapewa binamu, itamalizikia kwa mwanafunzi, na kila inapohama mtu inaanzia kwangu au kwa mwenzangu wa meza ya pili.

Majuzi imenijia simu ambayo sikutegemea kuiona hapa: Fairphone ya kizazi cha 6, iliyotoka Juni 2025, ya kampuni ya Amsterdam, Uholanzi. Mwenye nayo ni mama wa Kamalondo anayeuza unga wa mahindi. Mtoto wake anakaa Ubelgiji; alikuja kwa matanga ya baba yake mdogo, na siku ya kurudi akamwachia mama simu hiyo. Mama alifika ameivingirisha kitambaani, na kadi zake mbili za laini amezifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

"Mwanangu, nitilie hizi mbili."

Nikatia ya kwanza. Nikatafuta pa kutia ya pili, nikaigeuza simu, nikarudi palepale.

"Mama, humu inaingia moja tu."

"Moja? Hata ile yangu ya vitufe inakula mbili!"

Hapo ndipo niliposhika kalamu kichwani, maana mama alikuwa amesema jambo ambalo waandishi wa simu hawalisemi. Kadi yake moja ni namba aliyokuwa nayo tangu mumewe yu hai. Wateja wanaijua, kanisa wanaijua. Ya pili ni ya kutuma na kupokea fedha. Unga anaouza unatoka Zambia, unaingilia mpakani Kasumbalesa, na mwenye kumuuzia anataka alipwe kwa mtandao mwingine, si ule wa namba ya kwanza. Hapo sijataja siku ambazo mtandao mmoja unalala na mwingine ndio unaosikika. Vodacom, Airtel, Orange: mtu wa Lubumbashi anaishi katikati yao, na simu yake lazima iishi hivyo hivyo.

Kampuni inasema simu hii inabeba laini mbili, na ni kweli, ila ya pili ni eSIM, yaani laini isiyoshikika, inayoingizwa ndani ya simu bila kadi. Mama huyu kadi zake alizinunua chini ya mwavuli, pale mlangoni mwa soko, na ni za plastiki. Tecno na Itel waliliona hilo zamani. Simu zao za bei ndogo zina nafasi mbili za kadi, na ndiyo maana zimejaa mjini. Naliweka hili mbele ya makosa yote ya simu hii, kwa sababu mengine mtu anaweza kuyavumilia, lakini kuchagua kati ya wateja wako na fedha zako hakuvumiliki.

Sasa niseme uzuri wake, na hapa mniwie radhi nikirefusha, kwa kuwa nimengoja miaka mingi kuuona.

Nilimwomba mama ruhusa niifungue, nitazame tu. Akavuta benchi, akakaa karibu kabisa, macho kwenye vidole vyangu. Nikachukua bisibisi ndogo ya nyota, ile ya T5. Bisibisi hiyo moja ilinitosha mwanzo hadi mwisho. Kifuniko kikatoka. Betri nikaiona imeshikwa kwa skurubu, si kwa gundi. Nikaitoa, nikampa mama aishike kiganjani, nikairudisha mahali pake. Mashine ya hewa moto sikuiwasha. Spiriti sikumwaga hata tone. Ndani kila kitu kimekaa peke yake: kamera peke yake, spika peke yake, kioo peke yake, tundu la chaji peke yake. Kampuni inahesabu vipande 12 ambavyo mwenye simu mwenyewe anaweza kuvibadilisha nyumbani, na iFixit, wale wa Marekani wanaopima urahisi wa kutengeneza vitu, wameipa alama 10 juu ya 10.

Asiye fundi anaweza kuona ni jambo dogo. Basi nieleze jinsi kazi yetu ilivyo siku nyingine. Mwaka jana mwalimu mmoja aliniletea simu yake, chapa yake naiacha, betri imevimba mpaka kioo kimeinuka pembeni. Simu yenyewe ilikuwa nzima, ni betri tu. Lakini mle ndani betri ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na njia ya kuifikia ilikuwa kupitia kioo, nacho kimebandikwa vile vile. Nikapasha moto kidogo kidogo, nikapitisha kiplastiki chembamba pembeni, nikangoja, nikapasha tena. Nilikuwa nimefika kona ya mwisho niliposikia kile kimlio ambacho kila fundi anakijua. Ufa ulitoka chini ukapanda hadi kwenye kamera. Betri ya dola chache ikageuka deni la kioo. Nilikilipa mwenyewe kwa miezi miwili, kwa sababu mwalimu alinikabidhi simu inayowaka na haki yake ni kurudishiwa simu inayowaka. Mimi si fundi mbaya. Simu ile iliundwa isifunguliwe.

Halafu kuna tundu la chaji. Ukiniuliza ni kitu gani kinachonilisha, ni hilo. Soko letu ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na kwa wauza unga kama mama huyu ni unga juu ya vumbi. Unaingia tunduni, mtu anasukuma waya kwa nguvu, unashindiliwa, unakutana na jasho, unaganda kama bukari (ugali) iliyolala. Mimi nachokonoa kwa kijiti cha meno, nampa mtu simu yake, anarudi baada ya wiki tatu. Mwishowe vile vijino vya ndani vinakatika. Kwenye simu nyingi ninazofungua tundu limechomelewa kwenye bodi, na kulitoa ni kazi ya moto na lenzi, na umeme usikatike katikati. Kwenye Fairphone ni kipande: unafungua skurubu, unachomoa, unatia kingine. Nilipomwonyesha mama, aliuliza hapo hapo, "Na hicho kingine kiko wapi?"

Swali lake ndilo udhaifu wa pili, na ni mkubwa. Vipande viko Ulaya. Betri yake huko inauzwa karibu euro 40, kioo chini ya euro 100. Kwa simu ya namna hii ni bei ya haki. Ila kampuni haina duka hapa, na sijaona mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye hata skurubu yake moja. Dhamana ya miaka mitano wanayoitoa ni nzuri kwa mtu wa Amsterdam anayeweza kurudisha simu kwa posta. Mama wa Kamalondo ataipeleka wapi? Simu inayofunguka bila spea ni kama gari lenye boneti nyepesi katika mji usio na plagi.

Bei yake ilipotoka 2025 ilikuwa euro 599, karibu dola 700. Kwa fedha hiyo simu nyingine zitakupa kamera kali zaidi na kasi zaidi, sibishi. Ile ya kwake inatosha, ina gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kufanyia kazi na 256 za kuhifadhi, na kadi ya kuongeza nafasi inaingia, jambo ambalo simu za bei kubwa zimeliacha. Betri ni mAh 4,415. Simu za bei ya chini hapa sokoni zina 5,000, na mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi tofauti hiyo mtu anaiona usiku. Tundu la spika za masikioni hakuna. Na kuna jambo linaloniuma kidogo: Fairphone 5, ile ya 2023, kifuniko chake ulikitoa kwa kucha na betri ukaibadilisha barabarani, ukatembea na ya akiba mfukoni. Hii mpya wameifunga skurubu. Kwa Mzungu mwenye umeme saa 24 ni sawa. Sisi ile ya kucha ndiyo ingetufaa.

Kwa upande mwingine wameahidi kuisaidia kwa programu mpaka 2033. Hilo halionekani kwa macho, lakini kwangu linalingana na betri. Kila mwezi nakataa simu ambazo hazina ugonjwa wowote, kioo kizima, betri nzima, ila mfumo wake umezeeka na programu za ujumbe na za fedha hazikubali tena kufunguka. Mtu hanielewi. "Fundi, si inawaka?" Inawaka, ndugu yangu, lakini imeshafungiwa milango. Simu yenye miaka minane mbele yake itamfikia hata mwenyewe wa tatu ikiwa bado inapokelewa.

Sasa, Bwana Mhariri, sisi watu wa Lubumbashi hatuwezi kuzungumza juu ya betri kama watu wa mahali pengine. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Lile bomba refu la moshi nimelitazama tangu sijajua kusoma. Kaka yangu yuko Kolwezi, mwendo wa kilomita 300 hivi, na kazi yake ni kuchimba. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, madini yanayotiwa kwenye betri. Nilipomwekea mama ile betri kiganjani, nilifikiri mikono ya kaka yangu.

Kampuni hii walau imetaja mikono hiyo. Simu yao ya kwanza, ya 2013, ilitiwa bati la mgodi wa Kalimbi, kule Nyabibwe, Kivu Kusini, na madini ya tantali ya Katanga hii yetu, wakati ambapo wengine walikuwa wanaikimbia Kongo ili wasiulizwe maswali juu ya madini ya vita. Mwaka 2020 walikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa kobalti ya haki unaofanya kazi na wachimbaji wa mkono wa Kolwezi. Nawapa heshima kwa hilo, na nasema kwa moyo wote. Lakini haki waliyoiweka kwenye jina lao ("fair" maana yake haki) bado inakwenda upande mmoja. Madini yanaondoka kwetu yakiwa na cheti, simu inauzwa kwao, na kurudi kwake ni kwa sanduku la mtoto aliyekuja matanga. Kama wanajua njia ya kufika Kolwezi kufuata kobalti, njia hiyo hiyo inaweza kuleta katoni moja ya betri na matundu ya chaji hadi Lubumbashi.

Ulaya yenyewe imeanza kusogea. Tangu tarehe 20 Juni 2025 sheria yao inawataka wauza simu waweke spea kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza aina ya simu, na kuanzia Februari 2027 sheria yao ya betri inataka, kwa jumla, betri za vifaa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Mafundi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Ruashi walijue hili, kwa kuwa simu hizo zitafika mezani kwetu baadaye. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai na Guangzhou nao walijue. Na ninyi gazetini, mnapoandika tena kuhusu simu mpya, nawaomba muongeze maswali matatu: inaingia kadi ngapi, inafunguliwa kwa kifaa gani, na spea zake zinauzwa wapi.

Mama hakuiuza, ingawa alipata mteja siku ile ile. Ameitia kadi ya fedha. Kadi ya wateja imerudi kwenye simu ya vitufe, na zote mbili anazifunga kwenye pembe ya kitenge anapokaa kwenye magunia. Tundu la chaji nimelikagua juzi: unga umeshaanza. Kama kuna msomaji wenu anayetoka Ubelgiji au Uholanzi kuja nyumbani kabla ya mvua, aninunulie kipande kimoja cha tundu la Fairphone ya kizazi cha 6. Ni kidogo, kinaingia hata mfukoni mwa shati. Nitamlipa siku anayofika.

Aksanti sana.

Fundi simu,
Soko la Kenya, Lubumbashi