Barua kwa Rashidi: benki zilipogoma kutoa sarafu, Mei 1837

Kaka Rashidi,

Salaam nyingi, natumai wewe na shemeji na watoto wote ni wazima huko Tanga, sisi huku Dar wazima alhamdulillah, ni joto tu linatusumbua. Swali lako la juzi niliona sio la kujibu kwa voice note, nikasema acha nikae niandike. Umeuliza benki inawezaje kutangaza kwamba hailipi na kesho yake ikafungua milango kama kawaida, keshia yuko dirishani, vitabu viko mezani, watu wanaingia na kutoka. Kaka, katika yote niliyosoma kuhusu ule mwaka 1837 kule Marekani, hilo ndo limenikaa kooni mpaka leo.

Kwanza iangalie noti yenyewe. Enzi hizo serikali ya Marekani ilikuwa inagonga sarafu za dhahabu, fedha na shaba, lakini noti zinazozunguka mikononi mwa watu zilikuwa za benki binafsi, kila benki na zake, na benki zenyewe zilikuwa zaidi ya 700, kwa hiyo muuza duka wa New York alikuwa anapewa noti ya benki ya mji ambao hajawahi kuusikia. Juu ya hiyo noti kuna ahadi, kwamba ukiileta dirishani tunakupa dola zako za fedha au dhahabu hapo hapo. Ni kama ile tiketi ya mzigo unayopewa stendi, ina maana kwa sababu mzigo upo. Benki nazo hazikuwahi kuweka sarafu zinazolingana na noti zote walizotoa, wala mimi siliiti hilo wizi, ndivyo benki inavyokopesha, shida inakuja siku watu wote wakisimama foleni kwa pamoja.

Walifikaje huko? Kuna ardhi, kuna pamba na kuna siasa. Ardhi ya serikali kule magharibi ilikuwa inauzwa dola 1.25 kwa eka na watu walikuwa wanakopa noti benki wananunua wanalangua, mwaka 1834 mauzo hayakufika dola milioni 5, mwaka 1836 yakakaribia milioni 25. Rais Andrew Jackson, ambaye alikuwa hazipendi benki hata kidogo na alishaipigia veto ile Benki kubwa ya Marekani mwaka 1832, akatoa amri Julai 1836 kwamba ardhi ya serikali sasa inunuliwe kwa dhahabu na fedha tu. Sarafu zikaanza kusafiri kwenda magharibi. Wakati huo huo bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kugawa ziada ya hazina kwa majimbo kuanzia Januari 1837, hela ikawa inahamishwa benki hii kwenda ile bila kujali biashara inaitaka wapi. Na huko London Benki ya Uingereza nayo ilishapandisha riba kwa kuhofia dhahabu yake, wafanyabiashara wa Liverpool wakakaza mkopo, bei ya pamba ikaporomoka, na Machi 1837 nyumba kubwa ya pamba ya New Orleans, Hermann, Briggs, ikaanguka ikaangusha na wenzake wa New York waliokuwa wameidhamini. Jackson alishaondoka zake, mzigo akaupokea Martin Van Buren aliyeapishwa tarehe 4 mwezi huo huo.

Wananchi walishachemka kabla. Februari unga ulikuwa umefika kama dola 12 kwa pipa, watu wakakusanyika New York kwenye mkutano wakatoka hapo moja kwa moja mpaka ghala la Eli Hart, wakavunja milango wakamwaga unga na ngano barabarani. Fikiria njaa inayomfanya mtu amwage chakula.

Basi ikaja Mei. Tarehe 8 benki ya Dry Dock ikashindwa kulipa, na tarehe 9 watu wakajaa Wall Street na noti zao mkononi, wenye akiba, wafanyakazi, vibarua, kila mtu anataka sarafu, zikatoka za mamia ya maelfu ya dola. Usiku ule mabosi wa benki wakakaa wakakubaliana na Jumatano tarehe 10 Mei 1837 benki za New York kwa pamoja zikasema hatutoi tena sarafu. Habari ikapanda meli na farasi, Philadelphia, Baltimore na Boston wakafuata ndani ya siku chache na baada ya muda mfupi karibu nchi nzima ikawa hivo hivo.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kusitisha huku hakukuwa kufilisika. Benki ikifilisika inafungwa, wanakuja wadai wanagawana kilichobaki. Hawa waliendelea na kazi! Walidai madeni yao, walikata riba, walibadilisha bili (zile hati za kuahidi malipo), na wengine waligawa hata faida kwa wenye hisa, kitu kimoja tu ndo kiliondoka, ile haki yako wewe mwenye noti kwenda dirishani na kuambiwa hizi hapa. Na sheria ya New York iliyosema benki ikigoma kulipa inanyang'anywa kibali? Tarehe 16 Mei bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuziruhusu zisitishe kwa mwaka mzima. Siku sita, kaka. Wenye benki walivunja ahadi yao na siku sita baadaye sheria ikawakuta huko huko walipo.

Najua utasema, na mwalimu wako mmoja wa uchumi angesema vile vile, kwamba bila hivyo ingekuwa balaa zaidi. Nakubali kwa sehemu. Kama benki zingelazimishwa kulipa mpaka sarafu ya mwisho zingewaita wadaiwa wote kwa siku moja, mashamba na maduka yangepigwa mnada kwa bei ya kutupa, na ni kweli kwamba baada ya tarehe 10 presha ilipungua mjini, kuna wafanyabiashara walipumua. Mdaiwa mjanja alipata hata nafuu, alikuwa anaenda kwa dalali ananunua noti za benki inayomdai kwa bei iliyokatwa, anarudi benki analipa deni kwa thamani kamili iliyoandikwa, na benki haiwezi kuikataa noti yake yenyewe. Lakini hayo ni ya mwenye mtaji wa kuchezea. Kibarua wa bandarini anafanyaje? Analipwa Jumamosi kwa noti, dukani noti inakatwa, kwa sababu sarafu sasa imekuwa bidhaa inauzwa kwa bei ya juu kuliko noti, akitaka sarafu anaenda kwa dalali anakatwa, akipata noti ya benki ya mbali anakatwa zaidi, na hakuna popote alipokubali kukatwa.

Tena serikali yenyewe haikutaka karatasi. Mkuu wa posta Amos Kendall aliagiza maposta yapokee sarafu tu, na zamani zile mara nyingi barua inalipiwa na anayeipokea, barua ya karatasi moja iliyotoka zaidi ya maili 400 ilikuwa senti 25. Basi mama ana noti ndani, barua ya mwanae iko posta, na robo dola ya fedha haionekani mtaani. Hiyo picha mimi inanichoma kuliko mahesabu yote ya hazina.

Maana chenji iliisha kabisa. Kila mwenye robo dola aliificha chini ya godoro. Maduka, miji, hoteli, kampuni za usafiri wakaanza kuchapisha vikaratasi vyao vya senti 5, 10, 25, vingine havikuwa na mtu wa maana nyuma yake. Na wagonga shaba binafsi wakatoa vipande vyenye ukubwa wa senti ya serikali, watu wakavitumia kama senti. Kimoja nimekiangalia picha yake mara nyingi kwa kukuza: upande mmoja kuna ndege anayetoka kwenye miali ya moto, na maneno kwamba hiki ni mbadala wa vile vikaratasi, Novemba 1837, upande wa pili kuna shada la majani na katikati wameandika kwamba malipo ya sarafu yamesitishwa tarehe 10 Mei 1837. Yaani waliigonga tarehe ya kuvunjwa ahadi kwenye shaba na mtu akanunulia mkate. Kingine kina kobe amebeba sefu mgongoni na punda upande wa nyuma, hicho cha kuwasuta Jackson na Van Buren na mipango yao ya hazina.

Nikupe na ya Michigan maana wanafunzi wako wataipenda. Machi 1837 jimbo lilipitisha sheria ya mtu yeyote mwenye masharti kadhaa kufungua benki, na benki iwe na kiasi fulani cha sarafu ndani, halafu na huko ikaja ruhusa ya kusitisha, kwa hiyo watu wakaanza kufungua benki ambazo tangu siku ya kwanza hazitakiwi kulipa sarafu! Zikaota hadi porini ambako hakuna hata nyumba za kutosha. Wakaguzi wa jimbo wakitoka benki moja kwenda nyingine sarafu zile zile zilikuwa zinawatangulia njiani kwa farasi, na walikuta masanduku ambayo juu kuna tabaka la fedha zinang'aa, ukichimba chini ni misumari na vioo. Ndani ya miaka miwili hivi karibu zote zilikufa, na wakulima wakabaki na noti za kuwashia moto.

Na hawa siwezi kuwaacha nje. Mkopo wa pamba wa kusini ulisimama juu ya watu waliokuwa utumwani, kulikuwa na benki Louisiana zinapokea watu kama rehani, wameandikwa majina kwenye hati pamoja na ardhi. Pamba ilipoanguka na madeni kuiva, walioshikwa na kuuzwa ni wao, mama huku mtoto kule, na mabwana wengine waliwabeba usiku wakakimbilia nao Texas, iliyokuwa nchi nyingine wakati huo, ili mdai asiwapate. Hao hawakuwahi kushika noti ya benki yoyote.

Na ujue sisi huku pwani hatukuwa mbali na hao watu. Sayyid Said alishasaini mkataba wa biashara na Marekani tangu Septemba 1833, na Machi 1837, mwezi ule ule nyumba za pamba zinaanguka New Orleans, Richard Waters wa Salem alifika Unguja kuwa konsuli wao wa kwanza. Meli za Salem zilileta merikani, kile kitambaa cha pamba, na sarafu za fedha, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na hesabu za forodhani kwa Jairam, msimamizi wa forodha ya Unguja, zilikuwa za dola za fedha. Kwa hiyo nchi ambayo kwao mtu hapati robo dola ya kulipia barua, wafanyabiashara wake walitakiwa watafute fedha ya kweli wapande nayo chombo. Benki inaweza kumgomea jirani yake lakini baharini ahadi ya karatasi haiendi.

Kurudi kwenye sarafu kulichukua mwaka. Mzee Albert Gallatin, waziri wa fedha wa zamani aliyekuwa sasa anaongoza benki New York, ana miaka 77, ndiye aliyeshikilia kwamba ahadi ni ahadi na benki zilipe, wakati Nicholas Biddle wa Philadelphia, mkuu wa ile Benki ya Marekani aliyoipigia veto Jackson, ambayo sasa ilikuwa na kibali cha jimbo tu, alitaka wachelewe. Benki ya Uingereza ikasaidia kwa kupeleka pauni milioni 1 za dhahabu, na Mei 1838 New York wakaanza kulipa tena. Mimi Gallatin ananipa heshima kubwa, alikuwa mwenye benki na bado aliwabana wenzake. Biddle naye alishajiuzulu pale Oktoba 1839 benki ile ilipositisha tena, kusini na magharibi wakaifuata, New York wakashikilia, na 1841 ile benki ikafa moja kwa moja.

Sasa linganisha. Benki zilipata sheria yao ndani ya siku sita. Mtu wa kawaida aliyezama kwenye madeni kwa sababu ya mtikisiko ule ule alisubiri mpaka Agosti 1841 ndo bunge la nchi likapitisha sheria ya kumruhusu atangaze kufilisika na kuanza upya, ikaanza kazi Februari 1842, maelfu kwa maelfu wakaikimbilia, na 1843 wakaifuta. Waambie wanafunzi waweke hizo tarehe mbili ubaoni, 16 Mei 1837 na Agosti 1841, wajadili wenyewe kwa nini.

Nisalimie shemeji na mzee. Picha za zile senti nitakutumia, ila niambie projekta ya shule imetengenezwa au bado, nijue nizichape au nizitume kwenye simu.

Nduguyo,
Jumaa