Kikao cha Jumamosi kimehamia Zoom

Habari za jioni, ndugu zangu. Poleni na zamu.

Kwa sababu ya lockdown ya korona hatutakutana ukumbini. Kikao ni Zoom, Jumamosi 28 Novemba 2020, saa 1 jioni kamili. Linki nitaiweka hapa mchana.

Ajenda ni moja: barua kwa wabunge wetu hapa Uingereza. Wiki iliyopita Boris Johnson ametangaza nyongeza ya pauni bilioni 16.5 kwa jeshi kwa miaka minne. Jana serikali imetangaza kuwa misaada ya nje itakatwa kutoka 0.7% hadi 0.5% ya pato la taifa, na zahanati za kwetu nyumbani zinaitegemea. Wengine humu tulivaa mifuko ya taka badala ya aproni mwezi Aprili, tukiwageuza wagonjwa kitandani. Mimi siwezi kulinyamazia hili.

Naomba:
1. Kila mtu atafute jina la mbunge wa eneo lake.
2. Pauni 5 za stempu na uchapaji zimfikie mweka hazina kabla ya kesho saa 2 usiku. Aliyebanwa aniambie inboksi, tutamwekea.
3. Dada zetu wauguzi wawili watatu waandike aya fupi ya waliyoyaona wodini, bila jina la mgonjwa wala hospitali.

Jibu NIPO au SIPO leo kabla hujalala, tafadhali.