Risala ya Wanaklabu wa Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, Kisumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo. Karibu sana Kisumu, na pole na hili jua.

Sisi ni klabu ya mdahalo, tuko 19, na muhula huu wote tumebishana juu ya nchi ndogo, ati ziko na kazi gani wakati huu wakubwa wanasukumana na kupandishiana ushuru. Wengi tulisema hazina, zinangoja tu kuambiwa. Halafu mmoja wetu akaleta stori ya Vanuatu, nchi ya visiwa huko Pasifiki, tukaenda kuitafuta kwa ramani ya ukutani tukakosa, mchwa walishakula Pasifiki yote, kumebaki shimo na msumari.

Mheshimiwa, Vanuatu ni watu 300,000 na kitu, kaunti yetu pekee ilipita 1,100,000 kwa sensa ya 2019. Na mwaka huo huo wanafunzi 27 wa sheria kule Pasifiki wakasema mambo ya tabianchi yapelekwe mahakama ya dunia, The Hague, serikali ya Vanuatu ikayabeba, ikabisha hodi kwa huyu na yule mpaka nchi zaidi ya 130 zikaunga mkono, Umoja wa Mataifa ukapitisha Machi 2023, na Julai 2025 majaji wakasema kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria. Sisi wa Kano, ambao Nyando ikifurika tunahama na godoro kichwani, hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Ukweli ni kwamba hayo ni maoni, hayamfungi mtu, mkubwa akitaka atayapuuza, na hapo klabu iligawanyika, wengine mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Kuna Gambia pia, imezungukwa na Senegal kila upande isipokuwa baharini, lakini 2019 iliishtaki Myanmar mahakama hiyo hiyo kwa ajili ya Warohingya, Waislamu wa huko Myanmar waliofukuzwa makwao. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni la wale 5 wenye veto, yaani kura ya kuzuia, sawa, lakini Baraza Kuu kura ya Uchina ni moja na ya Gambia ni moja, kwa hivyo wadogo ni kama omena, mmoja hata paka hamtaki ila gorogoro nzima inalisha boma.

Sasa shida zetu. Intaneti ni simu ya patroni wetu na bando ni pesa yake, ikiisha hata utafiti umeisha. Tulialikwa mashindano Nakuru tukakosa gari, na siku hiyo tulikuwa tumepangiwa kutetea hizo hizo nchi ndogo.

Tunaomba nauli ya watu 19 na mwalimu mmoja, na ramani mpya, ikiwezekana ile ya plastiki, hiyo mchwa hawaiwezi.

Ni sisi wanaklabu.