Kabla ya kuchangisha besi ya nyuzi tano, rekebisheni ile ya nyuzi nne

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na viongozi wa kwaya na wazazi wa hapa Mwanza kuhusu gitaa la besi. Msimu wa michango ukifika, wimbo ni uleule: besi yetu imechoka, tunataka ya nyuzi tano. Bahasha zinapita, mtu anaagiza Kariakoo, mzigo unashushwa Nyegezi, na mwezi haujaisha besi mpya inalia vibaya kama ya zamani. Ya zamani imetupwa stoo nyuma ya spika mbovu, nyuzi zina kutu, na mara nyingi haikuwa na ugonjwa wowote ila kukosa marekebisho.

Shingo ya besi ni mti. Nyuzi nne zikikazwa huivuta kwa nguvu inayokaribia kilo 75, kama mtu mzima amening'inia hapo usiku na mchana, na ndani yake kuna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto huo. Mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei zikileta unyevu, mti hufura, shingo huinama mbele kidogo, nyuzi zinapanda na vidole vinauma. Kiangazi cha Juni hadi Agosti shingo hurudi nyuma, nyuzi zinagonga freti, yale mataruma madogo ya chuma shingoni, na hapo ndipo utasikia "inakwaruza, imekufa."

Haijafa. Ityuni kwanza, E, A, D, G, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, mwenzako abonyeze kwenye freti ile shingo inapoungana na mwili, kisha angalia uwazi kati ya uzi na freti ya 7. Unaotakiwa ni karibu milimita 0.3, yaani karatasi tatu za A4 zilizobanana zipite zikigusa. Uwazi ukizidi, zungusha nati ya fimbo kulia kwa alenki, ile spana ya pembe sita. Usipokuwepo kabisa, zungusha kushoto. Robo mzunguko tu. Tyuni upya, liache gitaa likae saa kadhaa ndipo upime tena, maana mti hautii amri papo hapo. Alenki isiyo saizi yake hula pembe za nati, na nati ikigoma usishindane nayo. Fimbo ikikatika ndani, shingo hiyo imebaki kuni.

Shingo ikishakaa sawa ndipo unagusa daraja, kile kishikizo cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa (si lile la Kigongo–Busisi). Wengi huanza hapa, ndiyo maana hawamalizi. Kwenye freti ya 12, kadi tatu za benki zikipangwa zina unene wa milimita 2.3 hivi, zikipenya chini ya uzi bila kuuinua, urefu unafaa kwa mwanafunzi. Mwisho linganisha sauti. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza hapohapo upige tena, programu ya kutyunia kwenye simu ikiwa wazi. Ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kengele, rudisha kipande cha daraja cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa kila uzi. Kazi hii ukiifanya kwa nyuzi zilizochakaa unajidanganya, kwa sababu uzi mchakavu haulingani popote.

Seti ya kawaida ya nyuzi huandikwa 45 hadi 105, vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi. Ukifunga uzi mpya, ukunje kwanza kwa pembe kali pale utakapokatia, ndipo ukate, ukibakiza sentimita 10 hivi kupita kikazio chake ili ujizungushe mara mbili au tatu. Ukikata bila kukunja, utepe wa nje hulegea juu ya waya wa ndani na uzi mpya unalia kama debe. Wapo wanaochemsha nyuzi kuukuu. Zinang'aa siku chache, kisha kutu inakuja mbio. Huko pwani chumvi ya bahari husaidia kuzila. Ziwa letu ni la maji baridi, hivyo huku mlaji mkuu ni jasho la mpigaji, na kitambaa kikavu kila baada ya ibada kinatosha.

Sasa hiyo ya nyuzi tano. Uzi wa tano huwa B, mtetemo wake ni hezi 31 hivi, wakati E ya besi ya nyuzi nne ni hezi 41. Spika nyingi za inchi 15 zinazofungwa makanisani huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 45, kwa hiyo fedha inanunua sauti ambayo ukumbi hautaisikia. Shingo nayo inapanuka: pale juu, nyuzi zinapoingia shingoni, besi nyingi za nyuzi tano zina milimita 45 au zaidi, na mwanafunzi anapata uzi mmoja wa ziada wa kuunyamazisha kila anapopiga minne mingine. Ni kweli kwaya inayoimba sana kwenye D au E bemoli inahitaji noti za chini ya E. Lakini uzi mnene ukiulegeza hadi D umepata noti mbili zaidi bila kuchangisha senti, ila kumbuka kuwa kwenye uzi huo kila kitu kimesogea freti mbili mbele.

Kwa anayenunua ya kwanza, mifano ni miwili na karibu besi zote za bei nafuu madukani zimeiga mmojawapo. Precision ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, ilitoka 1951, Jazz ikafuata 1960. Nyingi za aina ya Precision zina pikapu moja (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) iliyogawanyika vipande viwili, sauti nene, vitufe viwili tu, na nusu zile mbili zinafutiana mvumo wa umeme. Ya Jazz ina shingo nyembamba zaidi kule juu, milimita 38 hivi, na pikapu mbili. Vitufe vyote viwili vya sauti vikifunguliwa sawa, mvumo unafutika. Ukipunguza kimoja, unarudi. Nusu ya malalamiko ya "besi inavuma" ni hilo tu! Nusu nyingine ipime kwa mkono: mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, waya wa ethi ndani ya gitaa ni mzima. Lakini ukipigwa shoti midomo inapogusa maikrofoni, zima kila kitu na mwite fundi umeme wa jengo, maana hapo tatizo si gitaa tena.

Kuhusu watoto, pima kabla ya kulipa. Besi ya kawaida ina uzi wa sentimita 86, na kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 13. Fupi ina sentimita 76, na mwendo huohuo ni sentimita 11 na nusu. Kwa mkono wa mtoto wa darasa la sita, hiyo moja na nusu ndiyo tofauti ya kuendelea na kuacha. Dukani, lishike gitaa kama bunduki, jicho likiwa upande wa daraja, uangalie kama shingo imejipinda kama kamba. Piga kila freti ya kila uzi. Zungusha vitufe usikilize mikwaruzo, tikisa jeki, yaani tundu la waya. Uliza kama lina betri ya volti 9, na kama linayo, likishakuwa lako chomoa waya kila ukimaliza, kwani waya ukiwa ndani betri inaliwa hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani.

Kujifunza kwenyewe, wanakwaya wetu wana mtaji wasioujua, ule wa d r m f s l t. Weka do kwenye uzi wa E freti ya 3. Fa iko freti ileile kwenye uzi unaofuata, so iko freti mbili mbele ya hiyo fa. Umbo hilo halibadiliki: hamisha do kwenda freti ya 5 na fa na so zinakufuata, na kwa noti hizo tatu unazunguka tenzi nyingi za kitabuni. Mkono wa kulia ubadilishane kidole cha shahada na cha kati, kimoja baada ya kingine, metronomu, kile kihesabu mapigo, ikiwa mapigo 60 kwa dakika, hadi sauti zitoke sawasawa. Kasi ya sebene itakuja yenyewe. Na anayetaka kusikia besi ya ziwa inavyokimbizana na gitaa la solo, asikilize benga ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani, mzaliwa wa eneo hilohilo la Shirati, mkoani Mara.

Kwenye mitambo, besi isiyo na betri ukiichomeka moja kwa moja kwenye laini ya kawaida ya mikisa inafifia, kwa sababu tundu hilo linainyonya. Pitisha kwenye kiboksi cha DI, kinachoandaa sauti ya gitaa ili mikisa iipokee bila kuififisha. Usiichomeke kwenye ampu ndogo ya gitaa la solo. Koni ya spika yake haikuundwa kusukuma hewa ya besi, inaweza kuchanika.

Na mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto kule chini besi inapopiga. Wawili wakigombea noti za chini, waumini wanasikia ngurumo tu, kisha lawama zote zinarudi kwa kijana wa besi na kamati inaanza kuulizia bei ya nyuzi sita.

Mpiga besi,
Kirumba, Mwanza